Kipi Kilianza? Kutambua Magonjwa ya Mfumo wa Chakula Ukijiandaa na Mtihani wa Utabibu

Kijana wa miaka 19, kibarua wa korosho, aliletwa usiku na shangazi yake akilalamika "chango". Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, niko mazoezini kwenye kituo kimoja cha afya huku kwetu Kusini. Nikamuuliza yote niliyoyakariri: unatapika, una homa, choo kikoje, tumbo linauma wapi. Karibu kila swali alijibu ndiyo. Nikaandika maambukizi ya tumbo na dawa za kwenda nazo nyumbani. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akasoma nilichoandika, akamwinamia mgonjwa na kuuliza swali moja tu: "Mwanangu, kipi kilianza?"

Kijana akaeleza. Jana jioni maumivu yalianza kitovuni na hamu ya kula ikakata. Usiku akatapika mara mbili. Leo asubuhi maumivu yakahama, yakashuka chini upande wa kulia. Homa imekuja mchana. Kabla hakujapambazuka tayari alikuwa njiani kwenda hospitali ya mkoa kupasuliwa kidole tumbo.

Nimewasaidia wanafunzi wa utabibu wa Mtwara na Lindi kujiandaa na mitihani kwa miaka kadhaa sasa, na kila mara narudi kwenye swali la yule mama. Wengi wanasoma ugonjwa mmoja mmoja pamoja na orodha ya dalili zake. Shida ni kwamba kutapika kumo kwenye kila orodha, na homa na maumivu vimo karibu kwenye zote. Kinachoutofautisha ugonjwa na mwenzake mara nyingi ni mfuatano: dalili ipi ilitangulia, ipi ikafuata, na baada ya muda gani. Mtungaji wa mtihani anajua hivyo, ndiyo maana anakupa kisa na hakupi orodha.

Hatua ya 1: Elewa Kiswahili cha mgonjwa

Maswali ya karatasi yanakuja kwa Kiingereza, lakini mgonjwa utakayewekwa mbele yake kwenye mtihani wa vitendo anasema Kiswahili cha mtaani kwao. Wanafunzi wanapoteza alama nyingi hapa.

"Chango" linaweza kuwa maumivu ya hedhi, tumbo la kusokota, au minyoo, kwa kuwa wengine hutamka "mchango". "Ngiri" kwa daktari ni utumbo kupenya mahali palipolegea, kinenani au kitovuni. Mtaani ni jina la karibu kila maumivu ya chini ya kitovu kwa mwanaume. "Vidonda vya tumbo" siku hizi ni kiungulia, gesi, hata mawazo. "Bandama" ni uvimbe wowote ubavuni kushoto. "Safura" ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, na hapa wazee wako sahihi kabisa.

Kuna majina matatu ambayo lazima uyatenganishe kabla hujaendelea. Homa ya matumbo ni taifodi. Homa ya ini ni ini kushambuliwa, mara nyingi na virusi. Homa ya manjano ni ugonjwa wake peke yake unaoenezwa na mbu. Manjano ya macho ni dalili, si jina la ugonjwa. Nimeona majibu mazuri yakianguka kwa sababu mwanafunzi alilitafsiri neno moja kati ya hayo vibaya.

Unapomhoji mtu mzima, anza na shikamoo, mpe pole, kisha mwache aseme. Swali la choo liulize kwa staha: "Babu, samahani, haja kubwa ukienda inatokaje?" Ukimuuliza babu wa Tandahimba kwa lugha ya vijana, atakujibu "kawaida tu" hata kama anatoa damu. Bawasiri na uvimbe wa njia ya haja kubwa hufichwa miaka mingi kwa aibu. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe ndiye unayetakiwa kumfungulia mlango kabla ya kilio.

Hatua ya 2: Panga dalili kwa mfuatano

Chukua daftari. Kila kisa unachosoma, chora mstari mmoja na uandike dalili kwa mpangilio wa kutokea kwake, si kwa mpangilio wa kitabu. Fanya hivyo kwa visa ishirini, utaona mifumo inajirudia.

Kutapika na maumivu, kipi kilitangulia? Maumivu yakitangulia kutapika kwa saa kadhaa, fikiria jambo la upasuaji kwanza: kidole tumbo, utumbo kuziba, kidonda kutoboka. Kutapika kukitangulia, kisha tumbo likaanza kusokota na kuharisha, mara nyingi ni chakula au maambukizi ya kawaida. Si sheria ya chuma, lakini mtihani unaipenda na wodini inasaidia.

Utumbo ulioziba una dalili nne: maumivu ya kusokota yanayokuja na kuondoka, kutapika, tumbo kuvimba, na kukosa choo pamoja na upepo. Wanafunzi wanazijua zote nne. Wachache wanajua kwamba utaratibu wake unakuambia palipoziba. Kutapika kukianza mapema na tumbo halijavimba sana, kizuizi kiko juu, kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likianza kuvimba na choo kukatika, kutapika kukachelewa, kizuizi kiko kwenye utumbo mpana. Hapo usisahau kupapasa kinena. Ngiri iliyonasa ni chanzo kinachofahamika sana, na mgonjwa aliyevaa msuli anaweza kulala wodini siku nzima bila mtu kumfunua.

Homa ya matumbo inaanza na homa. Inapanda ngazi kwa ngazi, siku hadi siku, pamoja na kichwa kuuma. Tumbo linafuata, na mgonjwa anaweza kufunga choo mwanzoni badala ya kuhara. Wiki ya pili bandama inaweza kuvimba. Wiki ya tatu ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu utumbo unaweza kutoboka au kuvuja damu. Vitabu vinasema tafuta vipele vya rangi ya waridi kifuani, ila kwa ngozi zetu nyeusi vinaonekana kwa shida, usivingoje. Kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal kina udhaifu mkubwa. Mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa anaweza kuonekana ana ugonjwa leo. Jibu la mtihani ni kuotesha damu maabara ili kimelea kionekane, na wiki ya kwanza ndiyo yenye nafasi nzuri ya kumpata kimelea. Naomba ulibebe hili hadi kazini, maana wagonjwa wengi wenye malaria wanatibiwa taifodi kwa karatasi ya Widal peke yake.

Safura nayo ina mfuatano. Kiluwiluwi cha mnyoo anaingia kwa ngozi ya mguu uliokanyaga mchanga wenye unyevu, unawasha. Anapita mapafuni, mtu anakohoa kidogo. Anateremka utumboni na kunyonya damu taratibu. Miezi baadaye mgonjwa anakuja amepauka, anaishiwa pumzi akipanda kilima, na pengine anatamani kula udongo. Mkulima wa pwani anayelima pekupeku ni mtu huyo huyo wa kwenye kitabu. Angalia viganja, ulimi na ndani ya kope la chini.

Hatua ya 3: Weka kidole mahali panapouma

Mwambie mgonjwa aoneshe kwa kidole kimoja. Nitapita haraka kwenye maeneo, kwa kuwa kila kitabu kina mchoro wake.

Chembe ya moyo: tumbo, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kongosho. Maumivu ya duodeni huja saa mbili tatu baada ya kula au humwamsha mtu usiku, na akila chochote anapata nafuu. Kidonda cha kwenye tumbo lenyewe huuma zaidi kwa kula, ndiyo maana mgonjwa wake anaogopa chakula na kukonda. Vyanzo viwili vikubwa ni bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Muulize kila mzee wa mgongo na magoti anakunywa vidonge gani. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonesha nafasi ya bakteria huyo, baada ya miaka mingi ya watu kuamini kwamba vidonda vinaletwa na pilipili na mawazo. Bado wagonjwa wetu wanaamini hivyo, nawe usiandike hivyo kwenye karatasi.

Moto unaopanda nyuma ya mfupa wa kifua na kuzidi mtu akilala au akiinama ni kiungulia, yaani asidi inarudi kwenye umio, mrija wa chakula. Lakini mgonjwa akisema chakula kinakwama, kwanza ulikwama ugali, sasa hata uji haupiti, na amekonda, hiyo ni saratani ya umio mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mara nyingine tena, mfuatano: kigumu kwanza, laini baadaye.

Chini ya mbavu za kulia ni ini na kifuko cha nyongo. Ukibonyeza hapo na kumwambia avute pumzi, akikata pumzi ghafla kwa maumivu, hiyo ni ishara ya Murphy, na kifuko cha nyongo kimevimba. Chini kulia ni kidole tumbo. Nukta ya McBurney, mahali panapouma zaidi, iko theluthi moja ya njia kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni. Ukibonyeza kushoto akahisi upande wa kulia, hiyo ni ishara ya Rovsing.

Kwenye mtihani wa vitendo anza kupapasa mbali na panapouma, ukitazama uso wa mgonjwa, si mkono wako. Msimamizi anakutazama kwa jambo hilo.

Hatua ya 4: Uliza kinachotoka

Matapishi ya rangi ya kahawa iliyochujwa ni damu iliyokaa na asidi. Choo cheusi, laini, kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali ni damu iliyotoka juu. Hapa pana mtego: mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu anapata choo cheusi pia, ila hakinati wala hakina harufu ile. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo bila maumivu ni bawasiri. Damu kidogo na maumivu kama ya kukatwa na wembe ni mpasuko wa njia ya haja kubwa. Damu iliyochanganyika na choo kwa mtu wa makamo ambaye utaratibu wake wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, usimpe dawa ya bawasiri. Ingiza kidole upime, kisha mpeleke kwa uchunguzi wa utumbo mpana.

Kuhara kunahitaji nafasi yake. Mvua zetu za Kusini zinaanza karibu Desemba hadi Aprili, na juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji yamekuwa shida tangu zamani, watu wanakinga ya mvua au kununua. Maswali ya kuhara si nadharia kwetu.

Kipindupindu: maji matupu kama maji ya mchele, mengi, ghafla, bila damu, kwa kawaida bila homa na bila msokoto mkubwa. Kinaweza kuanza saa chache hadi siku tano baada ya kumeza kimelea. Mgonjwa anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa kukauka. Kuhara damu kwa Shigela kunakuja kwa kasi: homa juu, choo kidogo kidogo chenye damu na makamasi, na hamu ya kujisaidia isiyoisha. Amiba inakuja polepole, homa kidogo au hakuna, na wiki au miezi baadaye inaweza kuacha jipu kwenye ini, mara nyingi upande wa kulia, lenye usaha wa rangi ya kahawia. Giadia haitoi damu. Inatoa choo chenye mafuta kinachonuka sana, tumbo limejaa gesi.

Ukishataja ugonjwa, swali linalofuata karibu kila mara ni kiasi cha maji. Upungufu wa maji wa wastani, yaani mtoto asiyetulia, macho yamedidimia, ana kiu, ngozi ikifinywa inarudi polepole: ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Upungufu mkali, yaani mtoto amelegea, hawezi kunywa, ngozi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi: maji ya Ringer kwa mshipa, mililita 100 kwa kila kilo. Aliye chini ya mwaka mmoja anapewa 30 kwa saa 1, kisha 70 kwa saa 5. Mkubwa zaidi anapewa 30 kwa nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kanuni hii haimhusu mtoto mwenye utapiamlo mkali, na ukiiandika kwake utamzamisha kwa maji. Namba hizi zikariri kama jina lako. Ndizo pekee kwenye mwongozo huu ninazokuomba uzikariri bila kuhoji.

Jambo la kikanda ambalo watu hukosea: kichocho cha pwani yetu, kuanzia Rufiji kushuka Lindi na Mtwara, kwa sehemu kubwa ni cha mkojo. Kichocho cha tumbo, kinachoharibu mishipa ya ini na kuleta bandama kubwa na kutapika damu, kimezoeleka zaidi Kanda ya Ziwa. Kisa kikianza na "mvuvi kutoka Ukerewe", usipite haraka kwenye neno hilo. Umepewa kwa makusudi.

Hatua ya 5: Manjano

Mtazame macho kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa. Kisha uliza mkojo na choo. Mkojo wa kawaida, mgonjwa amepauka, ana malaria au selimundu: damu inavunjika kupita kiasi. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka kama majivu, na mwili unawasha: njia ya nyongo imeziba. Katikati ya hayo kuna ini lenyewe.

Homa ya ini ya virusi inaanza na uchovu, homa na kuchukia chakula, hata samaki anayempenda anamkinaisha. Siku kadhaa baadaye mkojo unageuka, ndipo macho yanafuata, na mara nyingi homa inashuka wakati manjano yanapanda. Aina A na E zinakuja kwa maji na chakula, B na C kwa damu. B huenda pia kwa ngono na kwa mama kumwambukiza mtoto. Aina E kwa mjamzito ni hatari kubwa, na swali lake halikosekani.

Manjano pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia: usaha kwenye njia za nyongo, dharura. Manjano yasiyouma yanayoongezeka kila wiki kwa mzee aliyekonda, na kifuko cha nyongo kinapapasika: fikiria saratani ya kichwa cha kongosho. Ini gumu lenye vinundu kwa mtu mwenye homa ya ini B: saratani ya ini. Muulize pia alivyohifadhi karanga na mahindi yake, maana sumu ya ukungu, aflatoksini, inachangia.

Hatua ya 6: Jifanyie mazoezi kwa visa

Kaeni wawili. Mmoja awe mgonjwa, aseme kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, mwingine achore mstari wake. Anzeni na hivi vitatu.

Mvuvi wa miaka 45, msimu wa mabibo, amekunywa uraka na gongo siku tatu. Maumivu makali chembe ya moyo yanachoma hadi mgongoni, kisha anatapika bila nafuu. Anakaa ameinama mbele kwa sababu akilala yanazidi. Hilo ni kongosho lililovimba. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida inakuunga mkono. Ila kwanza papasa: tumbo likiwa gumu kama ubao na mgonjwa ametulia tuli hataki kuguswa, ni kidonda kilichotoboka, na eksirei ya kifua akiwa wima itaonesha hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo.

Mtoto wa miezi 8, mnene na mzima hadi jana. Analia ghafla akikunja miguu, anatulia, analia tena. Baadaye anatapika. Mwisho anatoa choo kama jeli nyekundu. Utumbo umeingiliana. Ukisubiri jeli ndipo uelewe, umechelewa. Kilio cha kuja na kuondoka ndicho kilichoanza.

Dada wa miaka 26 kutoka Masasi, maumivu ya ghafla chini ya tumbo kulia, kizunguzungu, amezimia mara moja chooni. Hana homa. Wenzako wataandika kidole tumbo. Muulize hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Wiki sita zilizopita. Kidole tumbo hakianzi kwa kuzimia. Hii inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, si ugonjwa wa mfumo wa chakula kabisa, na ndiyo sababu kisa hiki kimewekwa humu. Weka dripu mbili, toa damu ya kupima kundi, fanya kipimo cha mimba cha mkojo hapo hapo kitandani, na mtu mwingine awe tayari anapiga simu chumba cha upasuaji.